Siku Nilipoongeza Mafuta kwa Wakwe

Aibu hii nimeificha miaka mitatu, wacha leo niiseme. Shule niliacha darasa la tatu, nikawa wa kuzungusha mashine ya mama ya kutenga krimu, ile ya mkono, yenye kengele iliyolia ukizubaa (na mama alilia zaidi ya kengele), ndiyo maana hata na mvi zangu hizi nilijiona mtaalamu wa kitu chochote kinachozunguka.

Basi binti yangu Wairimu akapata mchumba huko Molo, Kibet, fundi wa injini za meli, tukatoka Nakuru kwenda kujuana na wakwe, na stima ikapotea asubuhi hiyohiyo, taa zote zikazima. Sasa Mama Kibet anaishi kwa kuangua vifaranga, na mashine yake ya umeme ilikuwa imejaa mayai yaliyobakiza siku mbili kuanguliwa. Kibet akafunga jenereta kwa shafti ya nyuma ya trekta yao kuukuu, nami nikajitolea kuichunga.

"Baba, shida si nguvu, ni mwendo," akaniambia. "Kwa meli yetu jenereta inazungushwa na injini ileile ya propela inayosukuma meli. Tukitaka kwenda polepole hatupunguzi injini, tunapindisha tu makali ya propela, injini ibaki mwendo mmoja, umeme usiyumbe. Trekta haina makali ya kupindisha. Usiguse mkono wa mafuta, mwendo ubaki huohuo."

"Kijana, nimezungusha vitu kabla uzaliwe!"

Akaenda kupokea wageni. Akina mama wakachomeka mtungi wa umeme wa kuchemsha chai, taa zikafifia, mjomba mmoja akanitania, "Mzee wa Nakuru, trekta imelala?" Nikaongeza mafuta kidogo. Taa zikachangamka, watu wakapiga makofi, nikaongeza tena (makofi ni kitu kibaya). Chai ikachemka, wakachomoa mtungi, na injini, mzigo umeitoka ghafla, ikaruka ikinguruma, taa zikawa nyeupe, zikapasuka mojamoja, na dirisha la chumba cha mayai likatoa moshi.

"Zima, Baba! Zima!" Kibet akaja mbio.

Nikazima. Mama Kibet akatoka na yai sikioni. Nikangoja matusi.

"Huyu bado analia ndani," akasema. "Leteni blanketi na jiko. Na wewe mzee, kunywa chai, hakuna mtu amekufa."

Heri angenitukana. Wote wakakimbilia mayai, Wairimu na gauni lake jipya mbele. Siku hizi hata redio ya mtu siongezi sauti. Naambiwa nusu ya vifaranga walitoka, na kila Krismasi Mama Kibet huuliza nitakuja lini. Mimi siku ile niliweka ufunguo wa trekta juu ya kiti, nikatembea hadi barabarani, na Molo sijarudi.