Otukei Alishuka Kizuizini

Tangu Jumamosi ile Otukei hajamaliza kuzilaani zile mbio. Anazilaani akitia hewa, akikaza mnyororo, akila. Mkewe, Apeduno, ameniomba nimletee stori nyingine yoyote, hata ya msiba, mradi isiwe na magurudumu.

Mtu mwenyewe ni wa boda boda. Hubeba abiria kwa baiskeli kati ya Alupe na Busia mjini: wagonjwa, wanaowapelekea wagonjwa uji, na mama Roselida na gunia lake la dagaa wa omena, ambaye peke yake ni mazoezi tosha. Mapaja ya Otukei ukiyafunga kwenye posho mill, mahindi yatasagika bila dizeli. Sasa, kabla ya kuingia mjini kuna kizuizi cha polisi, na kwa sababu ya sukari ya magendo sheria pale ni moja: unashuka, unasukuma baiskeli mpaka upande wa pili. Ukipita umekaa, filimbi inalia, na karao anakutolea hewa magurudumu yote mawili, polepole, akikuangalia machoni.

Basi mwaka huu wa tisini na sita zikatangazwa mbio za baiskeli, Malaba hadi Busia, watatu wa kwanza waingie timu ya mkoa. Otukei aliitaka timu ile kuliko alivyotaka kuoa. Aliyeniambia ni Apeduno mwenyewe. Timu ina baiskeli za gia. Timu inasafiri. Kwenye timu hubebi mtu.

Wakaja vijana wa Eldoret na Kakamega na kaptura za kubana, baiskeli zao nyembamba kama miwani. Oluoch, wa steji moja na Otukei, akaiangalia baiskeli ya rafiki yake, blackmamba, nzito kama mlango wa stoo, akamuuliza kama amekuja kuwabeba washindi nyumbani.

Lakini barabara ile ni murram, changarawe tupu, na murram haijui kaptura. Kufika Adungosi, tairi zile nyembamba zilikuwa zinapasuka kama bisi. Otukei akawapita mmoja mmoja. Alupe alipita akiwa wa kwanza. Nyuma yake walibaki watatu, mbali kidogo, wakila vumbi lake.

Mbele kulikuwa na kizuizi, kisha kamba ya ushindi karibu na soko. Siku hiyo chuma cha kizuizi kilikuwa kimeinuliwa, njia ni yake. Afande alikuwa anafukuza mbuzi barabarani. Akapiga filimbi.

Otukei akashuka.

Nilikuwa pale kwenye kamba, niliona. Alishuka vizuri kabisa, kwa adabu, akaanza kusukuma baiskeli akiangalia chini. Tulimpigia kelele mpaka sauti zikakauka. Hata afande alikuwa anampungia apite. Alipovuka na kurukia kiti tena, wale watatu walikuwa wameshapita, wameinama kama watu wanaotafuta sindano. Akawa wa nne.

"Tairi ingepasuka, sawa," huniambia. "Ningeshindwa na mtu, sawa. Sasa nani alinishinda? Niambie. Nani?"

Nilimwambia ni mbuzi. Hakucheka.

Jana akaapa kwamba hatashuka pale tena maishani. Watoe hewa, wachukue hata baiskeli yenyewe. Nikaazima baiskeli ya Oluoch nikamfuata nyuma, maana vita vya bure huvikuti kila siku. Alikuwa amembeba mama Roselida. Karibu na kizuizi mama akaruka chini kama kawaida, akatangulia kwa miguu. Otukei akabaki kitini, meno yameumana. Chuma kilikuwa juu. Afande alikuwa anakunywa chai, wala hakutuangalia. Hakuna filimbi iliyolia.

Hapo hapo, mguu wa kulia ukainuka, ukapita juu ya gunia la omena, ukatua chini.

Otukei aliuangalia mguu ule kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyemwaibisha mbele ya wageni. Kisha akasukuma. Upande wa pili mama Roselida alikuwa anangoja. Akapanda nyuma, akajiweka sawa juu ya gunia lake.

"Twende basi, baba," akamwambia. "Leo hata mbuzi hakuna."