Maswali ya Msuka Dema

Niliondoka Jadida asubuhi bila kujua niendako, na alasiri nikajikuta Vitongoji, sina pa kulala. Nikamkuta bwana mmoja uani kwake akisuka dema, mtego wa samaki. Nilimsalimu, nikaanza kuuliza: fito hizi za mti gani, samaki wanaingiaje, mbona hawatoki?

“Sheikh, wewe karani wa sensa?” akasema. “Hebu shika hapa.”

Nikashika. Sasa akauliza yeye: kwetu wapi, shule niliacha darasa la ngapi, nani ananingojea. Nilizoea kuuliza, si kuulizwa. Nilijibu yote, hata yaliyonitia haya.

Ilipoadhiniwa magharibi, dema lilikuwa halijaisha.

“Tukasali, kisha tule,” akasema. “Utalala ukumbini. Kesho naitaka tena mikono hiyo.”