Nyumba ya Nyanya Iliyokosa Pumzi

Mzee Hilaire alifanya kazi miaka ishirini na sita mgodini Kilo, na hakuchimba dhahabu hata punje. Kazi yake ilikuwa hewa: kuhakikisha walio chini wanapumua. Vita vilipotufukuza Djugu tukajikuta majirani hapa Bunia, na kila siku aliniudhi kwa kupima vitu ambavyo hakuna aliyemwomba avipime.

Mimi nilikimbia na mbegu za nyanya za marehemu mama, zimeshonwa kwenye pindo la kitenge. Nilizijengea kibanda cha plastiki, nikaacha vidirisha viwili tu, kimoja kila ncha, maana kwetu tunasema mupepo, yaani upepo, huua miche. Nilipanda nusu, zikaota, zikafa kwa joto. Nikapanda zilizobaki, nazo zikaota. Hizo zikifa, mbegu ya mama imekwisha duniani.

Hilaire akachungulia. "Mama Alphonsine, weye uko napika tomati."

Nilimjibu vibaya, sikatai. Hakujali. Akapima: urefu mita sita, upana tatu, kimo mbili. Trente-six, akasema, mita thelathini na sita za ujazo, na hewa yote hiyo ibadilike kila dakika. Akawasha majani makavu ya mgomba nje ya kidirisha, akafuata moshi akihesabu kwa sauti, kama walivyofanya mgodini. Ulikwenda mita kumi na mbili kwa dakika. Kidirisha changu cha nusu mita ya mraba kilipitisha sita tu! Zilitakiwa mita tatu za mraba za kuingilia na tatu za kutokea.

Tukakunja plastiki kutoka chini, kimo cha mita moja, ncha zote mbili. Moshi wa chini ukapita mbio, wa juu ukakaa pale pale. Mzee akacheka mpaka akakaa chini.

"Nimekujengea mugodi," akasema. "Kule hewa inapita ndani ya shimo tu, lakini huku joto inapanda. Tupasue juu."

Plastiki ile ndiyo niliyokuwa nayo, sina nyingine. Nikafoka. Akanipa kisu. Nikapasua mwenyewe, na moshi ukachomoka paani. Nilipiga vigelegele peke yangu.

Kesho yake saa sita mchana, Hilaire alisimama mlangoni. Mgodini, watu wakitoka, alimwita kila mmoja naye aitikie. Sasa akanyoosha kidole kwa mche mmoja mmoja: "Iko?"

"Iko," nikaitikia, machozi ya furaha yananitoka. Miche ilikuwa arobaini na mmoja, na hakuruka hata mmoja.