Kopo Lisilo na Namba

Ukitaka kumkasirisha Bi Matone, gusa vifaa vyake vya kupimia. Wenzake wa maabara walimpa jina hilo kwa sababu miaka kumi na tisa hajamwaga hata tone. Anapima maziwa ya unga ya soya, yale ya watoto wachanga: ndani yake mna kemikali za mmea zinazofanana kidogo na homoni za mwilini, na yeye anatafuta ni kiasi gani. Kila kopo huja na namba. Bila namba halipimwi, na mkuu wa maabara hana utani na amri hiyo.

Sasa mwanamke huyu, akili zake timamu, akapima kopo la mjukuu wake.

Usimcheke. Mjukuu ana miezi minne. Maziwa ya ng'ombe yanamtoa vipele mwili mzima, na ya mamaye yalikauka mapema. Binti alimganda wiki nzima: "Mama, si uko hapo hapo? Pima basi, roho yangu itulie." Bi Matone akatia unga kwenye kichupa, akakificha mfukoni, akakichomeka kwenye mashine katikati ya sampuli halali.

Majibu yakatoka: karibu mara mbili ya makopo mengine. Akarudia. Yale yale.

Haya, mara mbili. Je, ni mbaya? Hapo ndipo aliponaswa, jamani! Mashine inasema kiasi, haisemi madhara. Wa kusema ni wakubwa wengine, na hao husoma ripoti zenye namba tu. Akisema ukweli, kibarua kinaota nyasi. Akapiga moyo konde, akamwendea mkuu kwa kuzunguka.

"Mkuu, kopo lisilo na namba likionyesha kiasi kikubwa, tunafanyaje?"

"Lisilo na namba halipo," mkuu akajibu bila kuinua macho. "Kwani umeliona?"

"Hapana. Nauliza tu."

Mwongo mkubwa! Akafuta majibu kwenye mashine, akaondoka akijichukia.

Nyumbani alikuta mtoto analia mpaka sauti imekauka. Binti alikuwa amesimama na chupa tupu, maji yamechemshwa na kupoa.

"Sijampa kitu tangu asubuhi, Mama, nangoja majibu yako. Duka la dawa lina aina hii hii tu, nyingine hawana. Nimpe?"

Bi Matone alitaka kueleza yote. Akamtazama mjukuu, akaona hakuna kingine cha kumpa.

"Mpe," akasema.

Binti akamkumbatia, akakoroga maziwa, akamlisha mwanawe. Kisha, mkono mmoja ukiwa na chupa, akashika simu na kurekodi ujumbe kwa kikundi chao cha kina mama wa kliniki.

"Jamani, wote mnaotumia lile kopo la soya, tulieni. Mama yangu amelipima mwenyewe, kule maabara. Kasema tuwape watoto, hakuna shida."

"Mwanangu, ngoja..." Bi Matone akaanza.

Ujumbe ulikuwa umeshakwenda, na shukrani zilikuwa zinamiminika.