Askari Aliyetema Kahawa

Siku ile mimi na mama mkwe wangu, Mae Paulina, tulikuwa tunatandaza nyasi kibanjani. Kibanja ni shamba la migomba linalozunguka nyumba, na kwetu Kaagya hilo ndilo makazi yenyewe. Nyumba ni mahali pa kulala tu. Mae alikuwa na kiko mdomoni. Mwinjilisti alishawakataza kina mama kuvuta tumbaku, basi yeye alivutia katikati ya migomba, ambako Mungu anamwona lakini mwinjilisti hamwoni, na katika hao wawili alimwogopa mwinjilisti zaidi. Alikuwa mcha Mungu kweli, msinielewe vibaya. Ila kiko kilimshinda.

Ilikuwa enzi ya Waingereza. Serikali ilikuwa imetoa amri kwamba migomba yenye fukusi ing'olewe na mashina yakatwekatwe. Fukusi walikuwepo, siwezi kudanganya, vijidudu vyeusi vyenye pua ndefu. Lakini hakuna aliyetuuliza. Na sisi Wahaya tunazika watu wetu kibanjani, kwa hiyo ukiniamuru ning'oe mgomba wa kaburini, unaniamuru nimsumbue baba mkwe wangu. Vijana wakaapa kwamba bwana shamba hatakanyaga tena kwetu. Watu wakaanza kutengana, huyu wa serikali, huyu wa wananchi, mpaka ibadani wakawa hawakai benchi moja.

Walikuja mchana, bwana shamba, Mzungu mmoja, na askari wenye bunduki. Mume wangu Yosia akaenda kukaa chini ya mgomba wa kaburi la baba yake. Hakutukana mtu. Alikaa tu, kama anayengoja chakula. Wakamfunga mikono, wakamwinua.

Vijana wakarusha mawe.

Bunduki zikalia.

Nililala kifudifudi juu ya nyasi zetu. Zilikuwa na harufu tamu. Sijui kwa nini nakumbuka hilo.

Risasi zikapasua migomba, maji yake yakanimwagikia shingoni. Nikadhani ni damu yangu.

Kisha kimya.

Askari walikuwa wamerudi nyuma hadi kambini kwao, kwenye banda la soko, na Yosia wamekwenda naye. Lakini mwenzao mmoja walimwacha bila kujua. Alikuwa ameanguka nyuma ya nyumba yetu, jiwe limempasua kichwa na mguu umevunjika. Mae aliichukua bunduki yake akaitumbukiza kwenye shimo la kuvundikia ndizi za pombe. Baadaye tuliirudisha ikinukia pombe.

Watu wakaja na mapanga. Mbele alikuwa Laurenti, jirani yetu Mkatoliki, ambaye kibanja chake kilikuwa kimeshafyekwa kwa amri ile.

Mae akaingia ndani, akatoka na akamwani. Hizo ni buni zilizochemshwa na kukaushwa, tunazitafuna, na mgeni hupewa kabla ya kuulizwa shida yake. Akishatafuna kahawa ya nyumba yako, ni mgeni wako, na hakuna wa kumgusa uani kwako. Hata mwizi analijua hilo. Mae akazitia buni kinywani mwa yule askari.

Askari akazitema.

Alikuwa mtu wa kusini, kwao hawatafuni kahawa. Nadhani alidhani ni sumu.

"Amezitema, Mae," Laurenti akasema. "Si mgeni huyu."

"Mtoto akitema uji unamkata panga?"

"Huyu ana ndevu."

"Basi ni mtoto mwenye ndevu. Subiri."

Mae hakujua Kiswahili, akanisukuma mimi niseme. Na Kiswahili changu kilikuwa cha darasa la ubatizo, sikuwa na kingine. Nikamwinamia yule mtu nikamwambia, "Amin, amin, nakuambia, tafuna." Akanikodolea macho, akauliza kwa sauti ndogo iwapo ameshakufa. Nikamwambia bado. Akatafuna. Mae akamshika kidevu, akamfungua kinywa, akawaonyesha watu kama anayeuza ng'ombe mnadani. Mmoja akacheka. Laurenti naye akacheka, alicheka kwa hasira, lakini mtu akishacheka panga linamwia zito.

Ndipo Laurenti akatoa shauri lingine. Tumfiche askari huyu, tuwapelekee habari kambini kwamba watamwona wakimwachia Yosia. Mimi nililikubali shauri lile pale pale. Sikuona aibu, na leo sioni. Nilikuwa nimeolewa juzi tu, nilimtaka mume wangu.

"Mgeni habadilishwi," Mae akasema.

Nikamwambia, "Yosia ni mwanao."

"Najua niliyemzaa." Alikuwa anafunga kidonda cha yule askari kwa kipande cha khanga yake, hakuinua macho. "Tukimficha huyu, watamfuata na bunduki zote. Watakaoanguka hapa ni watoto wa wenzangu. Leteni machela."

Machela ilibebwa na Walutheri wenzetu mbele na Wakatoliki nyuma. Tulitaka kuimba, ili kule kambini wajue hatuji kwa vita, lakini hatukukubaliana wimbo. Basi kila upande ukaimba wa kwake, kwa wakati mmoja, na kila upande ukijitahidi kuushinda mwingine. Ile kelele, waitu! Askari walituelekezea bunduki, kisha nikaona zinashuka, moja moja. Mae alimkabidhi Mzungu mtu wake. Akasema, mimi nikitafsiri kama nilivyoweza, kwamba amemrudisha mgeni, na kwamba kina mama wa makanisa yote mawili wanataka kusikilizwa barazani.

Walisikilizwa, ingawa ilichukua muda na safari nyingi. Waliomba watu waachiwe kuwasaka fukusi wenyewe, na migomba ya makaburi isiguswe. Ikakubaliwa. Bwana shamba akaja bila askari, akapewa kahawa, akatafuna vizuri. Risasi hatukuzisikia tena.

Lakini Yosia hatukumkuta kambini siku ile. Walikuwa wamekwishampeleka Bukoba mjini, na huko akahukumiwa jela. Mae alikuwa akimtumia ndizi kila alipopata mtu wa kwenda. Akaugua kifua, akafa kabla mwanawe hajatoka. Mwinjilisti alisema ni kile kiko. Mimi nasema ni kungoja.

Yosia aliporudi nilimwambia yote, maana angeyasikia vibaya kwa wengine. Alikwenda akasimama kaburini kwa mama yake. Akarudi akaketi.

"Angeweza kunipata siku ile ile," akasema.

"Pengine angeweza."

"Na Laurenti yuko hai?"

"Yuko. Na wanawe wote."

Nimelipima jambo hili miaka mingi. Nikihesabu wale waliobaki hai, naona Mae alifanya vyema. Nikimkumbuka Yosia ameketi vile, siwezi kumwambia mtu kwamba ilikuwa rahisi.

Alikaa mpaka matoke yakaiva. Kisha akasema, "Kamwite Laurenti tule."

Laurenti akaja. Walikula pamoja, na kila mmoja alimwachia mwenzake kipande cha mwisho, mpaka kikapoa.