Matupu Niliyoyaandika Mwenyewe

Neno lililotaka kufuta makazi ya samaki wasio na idadi nililiandika mimi. Niliandika kwa mkono wangu, kwa kalamu ya risasi, na mwandiko wangu unasomeka vizuri. Naanza na hilo ili mtu asiniwahi kulisema.

Nyumbani kwetu Rusimbi neno hilo lilikuwa jina la mali. Enzi hizo wavuvi wa kokoro walikuwa bado wanavuta nyavu zao ndefu hadi ufukweni Ujiji, na pamoja na dagaa walikuja konokono waliokufa zamani, yaani magamba yao tu, ya kijivu na meupe. Wavuvi waliyatukana kwa sababu yanachana nyavu. Mama aliyaokota. Aliyaosha, akayaanika uani, akayatwanga kwenye kinu, na unga wake ulichukuliwa na wafuga kuku, maana kuku akikosa chokaa hutaga mayai yenye ganda laini. Sisi magamba hayo tuliyaita matupu. "Kaangalie kama kokoro limeleta matupu," mama alinituma, nami nilikimbia na ndoo. Kwetu siku isiyo na matupu ndiyo iliyokuwa siku tupu.

Mama alikuwa na utaratibu wake ambao wanawake wenzake waliucheka. Kabla gamba halijaingia kwenye ndoo, aliligonga mara tatu kwenye jiwe, mdomo ukiangalia chini, huku akisema, "Hodi." Mara nyingi hakutoka mtu. Mara nyingine kilidondoka kisamaki kidogo, urefu wa kidole changu cha mwisho, kikaanza kurukaruka mchangani. Mama alikichota kwa kikombe akakirudisha ziwani.

"Anayevunja nyumba ya mtu bila kupiga hodi ni jambazi," alisema.

"Na anayepiga hodi halafu akaivunja?" nilimuuliza siku moja, maana nilikuwa na mdomo tangu mdogo.

"Huyo ana njaa," alinijibu. "Beba ndoo."

Nikakua, nikasoma, nikapata kazi ya mkataba kwenye mradi wa kupanga hifadhi ya mwambao wa ziwa, kutoka Kagunga kule mpakani na Burundi hadi kusini ya Ujiji. Kazi yangu ilikuwa kuchukua sampuli. Tulikwenda na boti hadi pale chombo cha setilaiti kinaposema, tukashusha kibano cha chuma chenye taya mbili, kikagusa chini, kikajifunga, tukakivuta. Kilichomo nilikimwaga kwenye chekeche, nikaandika kwenye daftari la fomu: tope, kokoto, mwamba, mchanga. Mwendesha boti wetu alikuwa mtu mzima wa Kagunga, Muha wa maneno machache.

Watu hudhani kupanga hifadhi ni kupenda wanyama. Kupenda hakutoshi, na wakati mwingine hakusaidii. Kupanga hifadhi ni kuamua utapoteza nini. Huwezi kulinda ziwa zima, watu watakula wapi? Kwa hiyo unagawanya eneo katika viraba, unajua kila kiraba kina makazi gani na viumbe gani, kisha kompyuta inatafuta mkusanyiko mdogo wa viraba utakaobeba aina nyingi kuliko zote bila kuwasumbua watu kupita kiasi. Ni hesabu nzuri, naiheshimu mpaka leo. Lakini kompyuta haijawahi kulowa miguu. Ukiiambia kwamba kiraba kina kitu, inakitetea. Ukiiambia hakina kitu, inakitoa sadaka.

Aliyetuongoza alikuwa mtaalamu kutoka mbali, mpole, mwenye kusalimia kila mtu hadi mlinzi. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye nchi kavu, jangwani hasa, na alipenda kutuhadithia wakati wa chai. Hadithi aliyoipenda ilikuwa ya kobe wa jangwani. Alisema kobe hao hukaa kwenye mashimo mchana kutwa kukimbia joto, na wakaguzi waliopita mchana na gari lao waliandika kwamba pale hapana kitu. Jangwa likagawiwa kwa wachimbaji. "Halikuwa tupu," alituambia huku akitikisa kichwa. "Waligonga mlango saa mbaya." Niliipenda sana hadithi hiyo. Nilimwona ni mwenzangu.

Siku ramani ilipobandikwa ukutani ofisini, tulikuwa tumebakiza siku tatu kabla ya mkutano wa wadau. Miamba ilikuwa bluu, tope kahawia, mchanga njano. Upande wa kusini, mbele ya Ujiji, palikuwa na njano pana iliyonyooka kama shuka. Chini yake pameandikwa: mchanga mtupu, eneo linalopendekezwa kuchotwa mchanga wa ujenzi.

"Hapo ni jangwa la chini ya maji," mtaalamu alisema kwa furaha. "Tumepata bahati. Wajenzi wanataka mchanga, na hapa hatupotezi chochote."

Nilisimama pale nikasoma namba za vituo. Nilizijua kama ninavyojua nyumba za mtaani kwetu. Nikaenda kwenye droo, nikatoa daftari langu, nikafunua. Kwenye safu ya kilichopatikana nilikuwa nimeandika, kituo baada ya kituo, kwa mwandiko mzuri: mchanga, matupu. Mchanga, matupu. Mchanga, matupu.

Mimi niliandika jina la mali. Aliyeingiza kwenye kompyuta alisoma kwamba hapakuwa na kitu, akaweka sifuri. Na angesomaje vingine? Yeye mama yake hakutwanga magamba.

Niseme na lililo baya zaidi. Mara kadhaa kisamaki kilidondoka kutoka kwenye gamba kikaangukia kwenye chekeche, nami nilikirudisha majini kwa kikombe cha chai, kwa mazoea ya nyumbani, bila kukiandika. Fomu haikuwa na nafasi ya samaki. Nilijua kuwa wapo. Nilijua tangu nikiwa na umri wa miaka saba. Lakini nilikuwa nimeajiriwa kujaza fomu, nikaijaza.

Maji ya ziwa letu yana chokaa nyingi, kwa hiyo gamba la konokono haliyeyuki upesi. Konokono anakufa, gamba linabaki, na mengine yanarundikana juu yake, vizazi kwa vizazi, mpaka sakafu ya mchanga inakuwa mtaa. Kuna samaki wadogo wasioweza kuishi pengine. Jike hutaga ndani ya gamba, watoto hukulia humo, na hatari ikija wote huingia ndani. Gamba likiwa na konokono hai, halimfai. Gamba lazima liwe tupu ndipo liwe nyumba. Ukichota mchanga huo kwa mashine, umechota mtaa na wenyeji wake, na hautarudi katika maisha yetu.

Nilimpelekea mtaalamu daftari. Alisoma, akavua miwani, akapangusa. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonikera.

"Dada, nakuelewa," alisema. "Ila ramani zimeshachapwa. Tutarekebisha awamu ya pili."

"Awamu ya pili mchanga utakuwa kwenye kuta za watu."

"Na ukisimama mkutanoni kusema hivyo, kosa litakuwa lako. Mkataba wako unaisha mwezi ujao. Mimi nakuonea huruma tu."

"Huruma yako waonee samaki," nilimwambia, nikatoka na daftari langu. Haukuwa ushujaa, niliogopa. Mshahara ule ndio uliokuwa unatulisha mama na mimi.

Jioni nilimweleza mama. Nilitarajia aniambie nifunge domo, maana ndivyo wazazi wanavyosema mkataba ukitajwa. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Oya," alisema kwa Kiha, yaani hapana, kana kwamba kuna aliyemwomba kitu. Kisha akaendelea: "Mimi niliwavunjia nyumba kwa njaa. Wewe umewaandika kuwa hawapo. Kati yetu nani jambazi?"

Maneno hayo yaliniingia. Kokoro lilishapigwa marufuku, na mama hatwangi tena magamba. Hajawahi kulalamika. Alisema tu kwamba kuku watatafuta chokaa kwingine.

Asubuhi ya mkutano nilimwomba mwendesha boti anipeleke pale. Maji yalikuwa yametulia. Tulishusha kibano polepole, tukachagua magamba tukayaweka kwenye beseni kubwa lenye mchanga na maji ya ziwa.

"Unapeleka samaki mkutanoni?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Watakufukuza."

"Najua."

Alifikiri kidogo. "Ego," alisema, sawa. Akaongeza maji kwenye beseni ili yasipate joto njiani, akanisaidia kulibeba hadi Kasingirima, kwenye darasa la shule ambako mkutano ulifanyika.

Niliingia na beseni katikati ya maelezo ya ramani. Nikaliweka mezani, juu ya ramani yenyewe, maji yakamwagika kidogo kwenye ile njano. Mwenyekiti, mzee wa heshima, alinitazama juu ya miwani.

"Shikamoo mzee," nilisema. "Nimekuja kusahihisha kosa. Ni langu mimi."

Nikawaeleza neno matupu. Wengine walicheka, hasa wanawake wa Ujiji waliokaa nyuma, maana wao walilijua. Mmoja alisema kwa sauti, "Kumbe ofisi nzima hakuna aliyewahi kufuga kuku!" Darasa zima likaangua kicheko. Mtaalamu hakucheka. Alinyanyuka, akaja mezani, akainama juu ya beseni. Magamba yalikuwa yamelala kwenye mchanga, hakuna kilichotikisika.

"Samaki wako wapi?" aliuliza.

"Piga hodi."

Alisita, kisha akagonga beseni kwa kalamu, kwa nguvu. Hapakutoka kitu. Akagonga tena. "Dada," alisema, na sasa kulikuwa na uchovu kwenye sauti yake, "ni matupu kweli."

"Ondoa beseni tuendelee," mwenyekiti alisema.

"Siliondoi."

Sikuwa nimewahi kumjibu mzee hivyo, na nikikutana naye leo nitamwamkia kwa magoti. Lakini siku ile sikuliondoa. Niliweka mikono yangu miwili pande zote za beseni.

"Bwana mtaalamu," nilisema, "wewe ndiye uliyetufundisha habari za kobe. Ulisema wakaguzi waligonga mlango saa mbaya wakaandika hakuna kitu. Sisi tumeshusha chuma juu ya vichwa vya watu, kishindo kimewaingiza ndani, tumeandika hakuna kitu. Sasa umegonga kwa kalamu. Hujajifunza hadithi yako mwenyewe? Acha kugonga. Subirini wote, kimya, kama mliokuja ugenini."

Sijui tulisubiri muda gani. Nje watoto wa shule walikuwa wanakimbizana. Mwenyekiti alitazama saa. Mikono yangu ilianza kuuma. Nilijiambia kwamba wasipotoka nitasimama hapo hapo mpaka kesho, na nilikuwa nimedhamiria.

Mwanamke mmoja wa nyuma alikuwa amekuja karibu kimyakimya. Ndiye aliyeona kwanza.

"Yule!" alinong'ona.

Kwenye mdomo wa gamba kulikuwa na jicho. Kikatoka kichwa, kikarudi, kikatoka tena. Kisha kisamaki chote kikatoka, kikachota mchanga kwa mdomo, kikatema pembeni na kuanza kusafisha mlango wake mbele ya wadau wote. Baadaye kwenye gamba la pili, kikatoka kingine. Mtaalamu alikuwa ameinama, pua yake karibu iguse maji. Nilitaka kumchukia, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudi jangwani kwake.

Ile njano ilitolewa kwenye eneo la kuchota mchanga. Nasema ilitolewa, sisemi imeokoka. Mpango hupangwa tena, na wenye hamu ya mchanga hawajahama. Mchanga wa ujenzi utachotwa kwingine, ambako mtaalamu alirudi na boti mara mbili, polepole, kabla ya kuandika sifuri. Mimi mkataba wangu haukuongezwa. Barua yake ninayo. Inasema kwa lugha ya adabu kwamba taarifa zangu zilikuwa na maneno yasiyo rasmi yaliyosababisha usumbufu. Ni kweli, na nikipewa nafasi nitasababisha tena.

Kabla sijaondoka, mtaalamu aliniita tuchague jina la rangi mpya kwenye ramani. Alipendekeza maneno marefu ya kitaalamu yanayoeleza mchanga wenye mrundikano wa magamba. Nikamwambia andika matupu.

"Watu watasoma vibaya tena," alisema.

"Wakisoma vibaya, wapige hodi."

Aliandika. Ramani hiyo ipo ukutani katika ofisi nisiyoruhusiwa tena kuingia. Nakala moja ipo chumbani kwa mama. Siku nilipompelekea, aliweka kidole chake kwenye lile doa mbele ya Ujiji, akaligonga mara tatu, taratibu, kisha akakaa kimya akisubiri.