Yai la Sadaka Lililolia Mnadani

Mama alipofariki, baba akiwa ameshatangulia, kuku wake alikuwa analalia mayai uvunguni mwa kitanda. Wageni wa msiba walikaa juu ya kitanda hicho, wakalia, wakaimba, wakanywa chai, na yule kuku hakuinuka. Siku ya kumaliza matanga, shangazi yetu wa Nkoaranga, dada mkubwa wa baba, mwenye sauti ya kuita mbuzi kutoka ng'ambo ya korongo, alitangaza kwamba atamchukua kitindamimba wetu akamlee.

Mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa nimeacha shule, naziba pancha Ngarenaro. Nikasema sisi watatu hatugawanyiki.

"Utamlea na nini, baba?" aliniuliza shangazi. "Na gundi ya matairi?"

Ukoo mzima ukacheka. Yeye akainama, akachungulia uvunguni.

"Haya. Huyo ni kuku wa mama yenu. Akitotoa, na vifaranga vikasimama kwa miguu yao, nitajua nyumba hii ina mkono wa kulea. La sivyo, Jumapili ya mavuno nakuja kumchukua mtoto."

Wengine walidhani anatania. Kwetu, utani wa shangazi ulikuwa sheria.

Haukupita muda, kuku akatoka kunyoosha miguu, na mbwa wa jirani akamwona; tukabaki na manyoya na mayai. Asubuhi hiyo nilikuwa nachelewa kazini. Kitindamimba, ambaye alikuwa hajaanza shule, akaniuliza kuku alikuwa anayafanya nini yale mayai. Nikamjibu, "Alikuwa anayalalia," nikaondoka. Hapa kwetu Sokon kuku analalia mayai. Baadaye nilisikia kuna watu wanaosema anaatamia, na ningelijua neno hilo mapema ningelitumia, kwa sababu jioni nilimkuta mtoto amelala kifudifudi juu ya mayai, blanketi hadi shingoni, anakoroma. Yalipona matano. Shuka halikupona.

Usiku tuliyaweka kwenye boksi lenye matambara, chemli pembeni. Shida ilikuwa mchana. Mdogo wangu anayenifuata, msichana wa darasa la saba mwenye majibu ya mtu mzima, alikaa akafikiri.

"Kaka, haya yanataka mwili wa mtu. Mimi niko shule. Huyu tumeshamwona kazi yake."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wewe."

Akatoa sidiria. Zilikuwa zama za ruksa, serikali imefungulia biashara, mitumba imemwagika hadi barabarani, na ukichimbua rundo unapata chochote. Hii ilikuwa ya mama fulani wa Ulaya ambaye hakuwahi kulala njaa. Mayai matatu kushoto, mawili kulia na soksi ya kujazia ili nisiende upande. Juu yake ovaroli. Wiki nzima niliziba pancha nikiwa nimenyooka kama askari wa gwaride, na dereva mmoja akanishauri kwa upole niende hospitali nikaangaliwe huo uvimbe.

Jumapili ya mavuno ikafika na mayai hayajatotoa. Nikavaa koti la baba juu ya mzigo wangu, nikafunga vifungo vyote. Shangazi alishuka na mkungu wa ndizi kichwani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umenenepa, baba. Vifaranga viko wapi?"

"Viko njiani."

Kanisani akaketi kwenye benchi moja nasi. Nguo za mtoto zilikuwa nyumbani, zimefungwa kwenye kanga, tayari kwa safari. Kapu la sadaka lilipopita, kitindamimba hakuwa na kitu, maana sarafu niliyompa ilishapita kwenye tundu la mfuko wake. Akanitazama, akapenyeza mkono chini ya koti langu, akachomoa yai na kuliweka kapuni. Kapu likaenda. Nilibaki nimefungua mdomo, na kwa kuwa kwaya ilikuwa inaimba, nikaona ni heri niimbe.

Kanisani kwetu vitu vya sadaka hunadiwa nje baada ya ibada. Na mnunuzi mwenye moyo hulipa, kisha hukirudisha kitu alichonunua kinadiwe tena. Kwa hiyo boga moja linaweza kuuzwa mpaka lichoke. Mzee wa kanisa aliyekuwa ananadi aliinua yai langu juu.

"Yai la kienyeji! Lishikeni wenyewe, bado la moto! Nadhani kuku wake tumesali naye!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nilitaja vyote nilivyokuwa navyo mfukoni. Mchaga mmoja mwenye duka la spea akanipita, akalipa, akalipunga hewani.

"Nalirudisha kwa Bwana!"

Likauzwa tena, likarudishwa tena. Upepo wa mlimani unavuma, yai linapita mkono kwa mkono.

"Jamani, msilitikise!" nilipiga kelele.

"Tulia kijana, ni yai, si bomu."

Hapo yai likalia. *Piip*. Mzee wa kanisa nusura alitupe.

"Linaongea!"

"Haleluya!" akaitikia mama mmoja kutoka nyuma.

"Lete hapa," alisema shangazi. Akaliweka sikioni, akasikiliza kama mtu anayepewa umbea. Kisha akanitazama mimi, akatazama koti, akatazama kifua kilivyopanda na kushuka bila mpangilio. Akafungua kifungo kimoja.

"Baba."

"Naam, shangazi."

"Hii ni saizi ya nani?"

"Ni ya mayai," kitindamimba alimjibu.

Shangazi alicheka mpaka kilemba kikamdondoka. Alipopata pumzi alilitumbukiza yai kifuani mwake, mahali ambapo banda zima lingepata joto, akatuswaga kurudi nyumbani.

Kifaranga kilitoka kifuani kwake wakati namimina chai. Vingine vinne vilitotolewa kwangu kabla ya giza, vikasimama, vikaanza kugombana. Hicho cha kwanza hakikusimama. Miguu yake ilitanuka, mmoja unaelekea Moshi, mwingine Babati, na tumbo limebaki sakafuni.

Shangazi akakitazama. "Nilisema visimame. Sikusema baadhi."

Ile kanga yenye nguo za mtoto ilikuwa pale mlangoni. Shangazi akaitazama nayo, akasonya.

"Nitaondoka kesho. Leteni uzi wa sweta."

Akakifunga miguu kwa uzi, akaacha nafasi ndogo katikati, akakikalisha ndani ya kikombe ili miguu ikae chini yake. Akakidondoshea maji ya sukari kwa ncha ya kidole, huku akikigombeza kwa Kimeru kama mkwe mvivu. Kesho yake hakuondoka. Wala kesho kutwa. Alisema ndizi zake Nkoaranga zinajua kukua zenyewe. Kila akikitoa kikombeni kilianguka, na kila kilipoanguka mdogo wangu aliacha kula, nami nilipiga hesabu ya mahali pa kumficha mtoto.

Asubuhi moja alikata uzi, akakiweka uani, tukasimama wote kukizunguka. Kifaranga kikainuka, kikatetemeka, kikapiga hatua moja, ya pili, kisha kikaangukia mdomo kwenye bakuli la maji.

Shangazi wakati huo alikuwa ameshageuza shingo, anautazama mlima Meru kama vile anauona kwa mara ya kwanza.

"Kimesimama," alisema. "Mimi nimeona."

"Shangazi, kimeangu..."

Nilimziba kitindamimba mdomo kwa kiganja. Shangazi akaingia ndani, akaifungua ile kanga, akaanza kukunja nguo za mtoto moja moja na kuzirudisha sandukuni.